Mgeni na Ratiba ya Maji

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari ya mashariki ya Unguja huondoka asubuhi. Maji yaliyokuwa yakipiga kuta za hoteli za Paje, Jambiani na Bwejuu kabla ya alfajiri huanza kurudi nyuma jua likichomoza, na kufikia saa nne au saa nne na nusu yamefika karibu na mwamba, kilomita moja na pengine zaidi kutoka ufukweni. Kinachobaki ni mchanga wenye mikunjo, vidimbwi, majani ya bahari na mawe. Maji hurudi taratibu, na alasiri saa kumi yamejaa tena. Hizo ndizo siku za bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Wiki moja baadaye mambo hugeuka: maji huwa mafu, bahari hujaa ile ile saa nne ya asubuhi, na hata ikikupwa jioni haiendi mbali. Kati ya hali hizo mbili saa husogea kwa kama dakika 50 kila siku. Mvuvi wa Jambiani hahitaji saa ya mkononi kujua haya, kwani mwezi unamwambia. Mgeni aliyelipia wiki moja ya kupumzika, na ambaye picha zote alizoonyeshwa zilipigwa maji yakiwa yamejaa, huamka siku ya kwanza akakuta bahari haipo.

Biashara nzima ya burudani kwenye fukwe hizi ni jibu la jambo hilo moja. Hoteli inaweza kuchagua kuishinda bahari: ikachimba bwawa la kuogelea, ikaweka baa katikati ya bwawa, ikapanga muziki, mazoezi ya viungo na mashindano ya mpira wa ufukweni, ili mgeni asiulize maji yako wapi. Au inaweza kuchagua kumfuata bwana mwenye mahali, yaani bahari yenyewe, na kupanga siku ya mgeni kwa kadiri maji yanavyokuja na kuondoka. Ninashikilia kwamba njia ya pili ndiyo bora, na sisemi hivyo kwa ajili ya matumbawe na wanakijiji peke yao, ingawa wao wangetosha kuwa sababu. Ni bora kwa mgeni pia. Burudani ya kisiwani huwa na ladha pale inapokubali mipaka, na inapoivunja mipaka hiyo hubaki kitu ambacho mtu angeweza kukinunua jirani na kwao bila kupanda ndege.

Inafaa tujue mfumo wa kuishinda bahari ulitoka wapi. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alifungua kijiji cha mapumziko cha mahema huko Alcúdia, katika kisiwa cha Majorca, Hispania, na huo ukawa mwanzo wa Club Med. Wazo lake lilikuwa jema kwa wakati wake. Ulaya ilikuwa imetoka vitani, watu walikuwa wamechoka kuhesabu mgao wa chakula, na Blitz akawapa mahali ambapo mtu analipa mara moja kisha hafikirii tena bei wala saa: chakula kipo, michezo ipo, bahari ipo. Sisitizo langu liko kwenye hilo la mwisho. Bahari ya Mediterania haikupwi wala kujaa kwa kiasi cha mtu kukiona. Pale Majorca tofauti yake ni sentimita chache tu. Kwa hiyo ahadi ya bahari kwa saa zote ilikuwa ahadi ya kweli. Mfumo huo huo, wa kulipia kila kitu kwa pamoja, uliletwa kwenye pwani ya Kiwengwa miaka ya 1990, hasa na wenye hoteli kutoka Italia, ambao nao ni watu wa bahari ile ile isiyoondoka. Ukawekwa mbele ya bahari inayoondoka mara mbili kila siku. Bwawa la kuogelea lilikuja kuziba pengo lililobaki kati ya ahadi na maji, na bwawa linataka maji baridi katika kisiwa ambacho visima vya pwani huingia chumvi upesi.

Sasa tutazame kile kinachofichwa na bwawa. Maji yakishakupwa, uwanda ulio kati ya ufukwe na mwamba ndio mahali penye mengi ya kuona kuliko pengine popote kisiwani, na mtu hahitaji hata kujua kuogelea. Katika vidimbwi kuna viti vya pweza vyekundu na vya buluu, majongoo bahari, kaa wenye rangi ya mchanga, na makome ambayo yakitazamwa kwa utulivu huanza kutembea. Wanawake wa kijiji hupita wakichokoa pweza kwa chuma chembamba. Pweza huficha mwili wake wote ndani ya tundu, lakini mlangoni huacha makombo: maganda ya chaza na kaa aliowala, yamerundikwa upande mmoja. Mwenye jicho lililozoea huliona rundo hilo kutoka mbali, na mgeni akishaonyeshwa mara moja huanza kulitafuta mwenyewe, akainama, akakosea, akainama tena. Hilo ni zoezi la mwili na la akili, na hakuna hoteli inayoweza kulijenga. Lina masharti yake pia. Mtu avae viatu, akanyage mchanga na si tumbawe hai, na asinyanyue kitu. Kiti cha pweza hupumua kwa vijitu laini vilivyo juu ya ngozi yake, navyo hufanya kazi ndani ya maji tu. Wale wanaokishika juu kwa zamu ili kila mmoja apate picha wanakinyima pumzi kwa muda wote huo, na kwenye mafungu ya mchanga yanayotembelewa na boti nyingi mnyama mmoja huenda akapitia mikono mingi kwa asubuhi moja.

Wapo watakaosema kwamba mgeni hakuja kusoma elimu ya viumbe. Amefanya kazi mwaka mzima, ana siku saba, anataka maji ya kuogelea, na ni haki yake. Sina ugomvi na haki hiyo. Anayetaka kuogelea saa yoyote ana Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, ambako ufukwe hushuka haraka na maji hayaendi mbali. Ndiyo maana hoteli zimesongamana huko. Lakini anayekwenda mashariki anastahili kuambiwa ukweli kabla hajalipa, kwa sababu kosa la malalamiko yake si la bahari. Majedwali ya maji hutolewa kwa mwaka mzima kabla. Hakuna kinachomzuia mwenye hoteli kumwandikia mgeni kwamba wiki uliyochagua ni ya bamvua, asubuhi utatembea hadi kwenye mwamba na alasiri utaogelea, au kwamba ni ya maji mafu na mambo yatakuwa kinyume. Mtu aliyeambiwa hivyo huja amejiandaa, na kile ambacho kingekuwa kasoro kinakuwa ndicho alichokijia.

Ushahidi kwamba mipaka inauzika upo karibu na mji wenyewe. Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe, kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994, baada ya juhudi za mhifadhi wa mazingira Sibylle Riedmiller, na kinaendeshwa na kampuni binafsi isiyogawana faida. Mapato ya hoteli yake ndiyo yanayolipa ulinzi wa mwamba na masomo ya watoto wa shule za Zanzibar wanaopelekwa kuuona. Hoteli yenyewe ni nyumba saba. Paa la kila nyumba limejengwa kukinga mvua, na maji huhifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu; umeme ni wa jua; choo hakitumii maji. Hakuna bwawa. Hata kuzamia kwa mitungi ya hewa, mchezo ambao kwingine ndio unaoleta fedha nyingi, wageni hawaruhusiwi: wanaelea juu kwa miwani na mrija, wakiwa na mlinzi wa mwamba, na walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu waliofundishwa kazi hiyo. Usiku watu hutembea msituni kutafuta kaa wakubwa wanaopanda miti, na mchana hupanda mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Ukiitazama orodha hiyo kwa macho ya hoteli ya kawaida ni orodha ya mambo yaliyokatazwa. Hata hivyo watu hulipa kwa bei ya juu kuja kukatazwa, na mwaka 2000 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, ulikipa kisiwa hicho tuzo ya Global 500. Mwamba wake una zaidi ya aina 400 za samaki. Bila makatazo hayo Chumbe isingekuwa na cha kuuza.

Pingamizi dhidi ya mfano wa Chumbe ni zito na linastahili jibu la haki. Nyumba saba za bei ghali haziwezi kuwa mfano kwa visiwa vilivyopokea wageni zaidi ya 500,000 mwaka 2019 na zaidi ya 700,000 mwaka 2024, wakati wakazi wenyewe walikuwa hawafiki milioni 2 katika sensa ya mwaka 2022 na utalii unabeba zaidi ya robo ya pato la nchi. Tukiifanya Zanzibar nzima kuwa Chumbe, watapumzika matajiri wachache na vijana wengi watakosa kazi. Nakubali. Lakini pingamizi hili linachanganya bei na mpaka. Kwamba Chumbe ni ghali hakuonyeshi kuwa kujizuia ni anasa ya wenye fedha, na mfano wa kinyume uko kwa watu wasio na fedha kabisa. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wavuvi wenyewe wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa asiguswe pweza, kisha wakaufungua kwa siku waliyokubaliana, na kijiji kizima kikashuka pwani. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo miezi michache ya subira huonekana kwenye mizani. Desturi hiyo ilipata sifa kutoka Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, ambako kijiji cha Wavezo kilijaribu kufunga mwamba mwaka 2004, na wengine pwani nzima wakaiga. Kama mtu anayetegemea pweza kwa chakula cha leo anaweza kukubali mwamba ufungwe, ni vigumu kuamini kwamba mwenye boti ya watalii, au hoteli ya vitanda mia mbili, hawezi.

Mahali ambapo kukosa mpaka kumeonyesha gharama yake waziwazi ni Kizimkazi. Ni lazima tuanze na sifa. Pomboo wa kusini mwa Unguja walikuwa wakiwindwa, nyama yao ikitumiwa kuwa chambo cha papa, na uwindaji huo ulikoma katika miaka ya 1990 kwa sababu wavuvi waligundua kwamba pomboo hai, anayetazamwa na mgeni, analipa kila siku. Utalii uliwaokoa pomboo wale. Anayeubeza bila kusema hilo hasemi kweli. Shida ilikuja na namna ya kuwatazama. Pomboo mmoja akionekana, boti zote zilizo karibu hugeuza pua, mashine hupandishwa, kundi huzungukwa, na wageni huambiwa waruke majini mbele yake. Pomboo hawalali kama sisi. Hupumzika huku wakiogelea polepole, wakiwa wamekaribiana. Watafiti waliowafuatilia katika maji hayo wameeleza kwamba boti zikiwapo, muda wa kupumzika hupungua na muda wa kuhamahama huongezeka. Naye mgeni anapata nini? Sekunde chache za mgongo wa kijivu ukizama, povu la mashine, na kurukaruka baharini mara tano au sita bila kuona kitu. Boti inayozima mashine mbali kidogo na kungoja humpa mgeni nafasi ya kuwaona pomboo wakija wenyewe, pengine kuogelea ubavuni mwa boti, na hata wasipokuja amekaa juu ya maji tulivu ya Ghuba ya Menai, ambayo ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1997.

Hapa ndipo nahodha hujibu, na jibu lake lina mantiki. Yeye hulipwa kwa safari. Mgeni akirudi bila kugusa pomboo atawaambia wenzake, na kesho papasi, yaani dalali wa watalii, atawapeleka wateja kwa boti nyingine. Nahodha mmoja akizima mashine peke yake, pomboo hawatapumzika hata hivyo, kwa kuwa boti nyingine saba zinaendelea kuwakimbiza. Yeye atakuwa amepoteza fedha bure. Kumhubiria mtu huyu maadili ni kupoteza muda. Anachohitaji ni kanuni inayowabana wote kwa pamoja: idadi ya boti zinazoruhusiwa kukaribia kundi moja, zamu zinazopangwa na kamati ya kijiji, na malipo yanayokusanywa mahali pamoja kisha kugawanywa, ili asiyewaona pomboo leo asilale njaa. Hali ni hiyo hiyo Mnemba, ambako maji yanayokizunguka kisiwa yalitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 2002, na ambako boti kutoka Matemwe, Nungwi na Kendwa hukutana kwa wakati mmoja kwenye kipande kimoja cha mwamba. Boya moja la kufungia boti linaokoa matumbawe ambayo nanga ingeyavunja kila asubuhi. Wengine watasema haya yote ni kazi bure kwa sababu joto la bahari ndilo muuaji, nalo halizuiwi na kamati ya kijiji. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka kote magharibi mwa Bahari ya Hindi bila kuguswa na nanga. Ni kweli. Ila mwamba uliopauka hujirudi kwa kukuza matumbawe machanga, na tumbawe changa likikanyagwa halikui.

Nimeiacha Paje kwa mwisho kwa sababu ndipo burudani ya mgeni na kazi ya mwenyeji zinapokutana uso kwa uso ndani ya maji yale yale. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza hapo Paje na jirani yake Jambiani mwaka 1989, na tangu mwanzo kimekuwa zaidi mikononi mwa wanawake. Wanapigilia pegi mchangani, wanavuta kamba kati ya pegi na pegi, na kwenye kamba wanafunga mbegu za mwani moja moja kwa taitai, vipande vya uzi visivyozidi urefu wa kiganja. Mwanamke hufanya hivyo akiwa ameinama, au ameketi ndani ya maji, saa tatu au nne mfululizo. Uwanda huo huo, wenye maji ya kina kifupi yaliyokingwa na mwamba, ndio ulioipa Paje jina kwa mchezo wa kaiti. Mchezaji husimama juu ya ubao akivutwa na tiara kubwa kwa nyuzi zenye urefu wa mita 20 na zaidi, upepo wa kusi ukivuma kuanzia Juni hadi Septemba, na wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Februari. Ni mchezo mzuri kutazama na mgumu kujifunza. Nyuzi zake zilizokazwa zikipita usawa wa kichwa cha mtu aliyeinama ni hatari kubwa, na ubao ukipita juu ya kamba za mwani huacha kazi ya wiki kadhaa ikielea.

Mara nyingi mgogoro huu husimuliwa kama vita kati ya maendeleo na mila, na atakayeshinda huonekana amekwishajulikana. Nadhani usimulizi huo ni mvivu. Ukiangalia kwa makini, bahari imekwisha kugawa saa kabla ya watu kuanza kugombana. Mkulima wa mwani anaweza kufika shambani siku za bamvua tu, maji yakikupwa, yaani asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Alasiri ya siku hizo maji yamerudi na yeye amekwenda nyumbani. Siku za maji mafu hawezi kufanya kazi ya maana, kwa hiyo uwanda huwa wazi tangu asubuhi. Mchezo wa kaiti unahitaji upepo na maji, na vyote viwili hupatikana alasiri za bamvua na kutwa nzima siku za maji mafu. Mashamba hukaa pale pale usiku na mchana, kwa hiyo lazima yawekewe maboya ya kuonekana na njia ya kuyazunguka. Saa zenyewe hazihitaji kubuniwa.

Shule za kaiti zitasema, na zina haki, kwamba mwanafunzi wa kwanza hufundishwa vizuri zaidi maji yakiwa magotini, yaani maji yakiwa yamepungua, na kumnyima asubuhi za bamvua ni kumnyima mwalimu kipato cha siku kadhaa kila mwezi. Hasara hiyo ipo na haifai kufichwa. Lakini pande mbili hizi haziko sawa katika jambo moja. Mwanafunzi wa kaiti anaweza kusubiri saa mbili maji yanapoanza kurudi, au kufundishwa kwanza kulitawala tiara akiwa mchangani, au kupelekwa sehemu ya ufukwe isiyo na mashamba. Mwanamke wa mwani hana saa nyingine. Maji yakimfika shingoni kazi imekwisha hadi kesho, na bamvua ikipita imekwisha hadi nusu ya mwezi ijayo. Anayeweza kuhama ndiye ahame, na gharama ya kuhama iingizwe kwenye bei ya somo, kwa sababu anayeilipa ni mtu aliyesafiri maelfu ya kilomita kwa hiari yake, na kiasi kitakachoongezeka ni kidogo kwake kuliko kamba moja ya mwani kwa mwenye kamba. Makubaliano ya namna hii yanaweza kuandikwa na shehia, wakulima na wenye shule kwa mkutano mmoja. Hoteli ndizo zenye nguvu ya kuyasimamia, kwa kuwa shule nyingi za kaiti huendesha shughuli zao mbele ya hoteli na huishi kwa wageni wa hoteli hizo. Jedwali la maji likibandikwa mapokezi, likionyesha saa za mwani na saa za kaiti kwa kila siku ya mwezi, mgeni ataliona kabla hajavaa nguo za kuogelea.